Namna ya kumfanya mbunge aulize swali la umeme wa mtaa wenu: mwongozo kamili kutoka Lubumbashi

Barua ninazoletewa nizisome zinafanana kama watoto wa mama mmoja. Moja imetoka Katuba, nyingine Ruashi, tatu zimetoka Annexe, zote komini za mji wetu. Zote zinaanza kwa salamu ndefu, zinaeleza mateso ya delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu, kisha zinamwomba mbunge kabini mpya, yaani kibanda cha transfoma ya mtaa. Hakuna hata moja iliyojibiwa. Walioziandika wananiuliza: tumekosea wapi?

Wamekosea mahali pamoja. Wamemwomba mbunge kitu asicho nacho. Mbunge hana transfoma stoo. Ana vitu vitatu: swali analoweza kumwuliza waziri au mkuu wa shirika la umma, kura, na haki ya kupendekeza au kurekebisha maneno ya sheria na tarakimu za bajeti. Ukimwomba kimoja kati ya hivyo, anaweza kukupa bila kutoa makuta mfukoni. Ukimwomba kabini, atakupa ahadi. Au uchaguzi ukikaribia atakupa kabini moja ya kupigiwa picha, na kuanzia siku hiyo atajiona hana deni kwenu tena.

Mwongozo huu unafundisha kazi moja: kupata swali la maandishi juu ya umeme wa mtaa wenu, lenye sahihi ya mbunge, likaingia bungeni, na kulifuata hadi liguse sheria au bajeti. Hesabu miezi minne hadi sita tangu siku ya kwanza ya daftari. Anayetaka umeme urudi Jumapili hii amwite fundi.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Daftari kubwa moja la mistari na kalamu ya wino. Penseli inafutika, na kitu kinachofutika hakiaminiwi.
- Watu watano wanaokaa avenyu tofauti za mtaa, kila mmoja mwenye simu inayoonyesha saa sahihi.
- Testa ya kupima volti, na mtu mmoja aliyesomea umeme wa kuitumia.
- Fotokopi za fakture (bili) za umeme za miezi sita kutoka nyumba kumi.
- Mwalimu, karani mstaafu au mwanafunzi wa sheria anayeandika Kifaransa kisicho na makosa.
- Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006. Weka alama kwenye vifungu vya 27, 48, 100, 126 na 138.
- Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 juu ya sekta ya umeme, pamoja na ile ya Desemba 2018 iliyoirekebisha.
- Makuta ya kuchapa na ya fotokopi, na bahasha tano.

Kuhusu Kifaransa: Kiswahili ni lugha ya taifa kwa Katiba yetu, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, lakini lugha rasmi ya ofisi ni Kifaransa. Kikao cha mtaa kifanyeni kwa Kiswahili ili mama anayeuza makala (makaa) aelewe anachokitia sahihi. Barua iende kwa Kifaransa ili mbunge aweze kunakili sentensi zenu jinsi zilivyo. Ukimpa kazi ya kutafsiri, umempa sababu ya kuiahirisha.

## Hatua ya 1: Tenganisha tatizo la nguzo na tatizo la sera

Kaeni watano, andikeni malalamiko yote ya mtaa kwa safu. Mbele ya kila lalamiko andikeni ni nani mwenye mkono juu yake.

Waya umeanguka, fuzi imeungua, nguzo imeliwa na mchwa: hayo ni ya fundi na ofisi ya huduma kwa wateja. Mbunge anayepiga simu ili fuzi ibadilishwe amewasaidia leo, lakini amejigeuza karani. Mwezi ujao mtaa wenye rafiki mkubwa zaidi utapiga simu yake, na fuzi itahamia huko.

Tatizo la sera ni lile ambalo mtu fulani, mahali fulani, aliliamua kwa sheria, kwa amri ya waziri, kwa mkataba au kwa bajeti. Nyumba zinatozwa kwa makadirio miaka na miaka kwa sababu hazina mita. Wakazi wanachanga wanunue transfoma ambayo haitaandikwa kuwa mali yao. Mradi wa kupanua laini upo kwenye bajeti na haujawahi kuanza. Umeme ukipungua, kuna orodha ya nani akatwe kwanza, na hakuna mkazi aliyewahi kuiona.

Kama mnataka kuona sera kwa macho, tazameni laini ya Inga–Kolwezi, inayotoka kwenye mabwawa ya umeme ya Inga kwenye mto Kongo. Inga 1 ilianza kazi 1972, Inga 2 mwaka 1982, na laini ya kilomita 1,700 hivi ikaletwa hadi Kolwezi kulisha migodi. Inabeba mkondo wa moja kwa moja, na vituo vya kuubadilisha viko kwenye ncha zake mbili tu. Ndiyo maana inapita juu ya vijiji bila kuwasha hata taa ya zahanati. Fundi hakukosea hapo. Alijenga kile kilichoamuliwa. Hata mabwawa yetu ya Katanga, Mwadingusha na Koni kwenye mto Lufira, Nzilo na Nseke kwenye Lualaba, yalijengwa kabla ya uhuru kwa ajili ya migodi, na nyumba zikafuata nyuma. Kwa hiyo mkazi wa komini ya Kenya hapa Lubumbashi anapouliza "umeme ni wa nani kwanza?" anauliza swali la Bunge, ajue asijue.

Onyo: barua ya mtaa isianze na Inga. Nimesoma barua zenye kurasa mbili za megawati za mto Kongo na mistari mitatu juu ya mtaa wenyewe. Waziri hujibu barua ya namna hiyo kwa hotuba.

Mmefaulu hatua hii ikiwa mmebaki na tatizo moja, mawili kwa wingi, linaloweza kusemwa kwa pumzi moja.

## Hatua ya 2: Wekeni daftari la siku 30

Mali bila daftari huisha bila habari. Giza bila daftari nalo huisha bila ushahidi.

Chora safu tano: tarehe, saa umeme ulipokatika, saa uliporudi, volti za jioni, na kitu kilichoharibika. Kila mlinzi wa daftari aandike avenyu yake peke yake, kisha Jumamosi mkutane mlinganishe. Siku 30 mfululizo, bila kuruka hata moja. Siku ambayo umeme ulikuwa mzuri iandikeni pia. Daftari lisilo na siku njema linanuka uongo, na mjibu hoja wa waziri atalinusa kabla yenu.

Andika saa kwa mtindo wa ofisi: 19h30, si "saa moja u nusu". Nasema hili kwa uchungu. Mara ya kwanza kwetu wawili waliandika saa za Kiswahili, watatu za Kifaransa, na hakuna aliyegundua mpaka siku ya kujumlisha. Kuna usiku mmoja ambao umeme ulirudi kabla haujakatika. Tulianza upya, na msimu wa Bunge ukatupita.

Volti zipimwe kwenye soketi ndani ya nyumba, saa ileile kila jioni, na yule anayejua kazi hiyo. Nyumba zetu zinatakiwa kupata 220. Mkikuta 140 au 150 wakati watu wote wanapika, andikeni hivyohivyo bila kuzungusha.

Kisha nendeni mkasome kibao cha transfoma. Simameni nje ya uzio, vuteni picha kwa simu. Tafuteni tarakimu inayofuatwa na kVA, kipimo cha uwezo wa transfoma (kVA moja ni VA 1,000). Baada ya hapo hesabuni nyumba zinazokula kwenye kabini hiyo, avenyu kwa avenyu.

Hesabu yake ni rahisi, na hakuna kitu kinachomshika mbunge kama hesabu rahisi. Tuseme kibao kinasema 400 kVA na nyumba ni 900. Gawanya 400,000 kwa 900: kila nyumba inabaki na VA 444 hivi. Resho (jiko la umeme) ya jicho moja hula wati 1,000 au zaidi. Maana yake, nusu ya mtaa wakiweka bukari motoni pamoja, kabini inazidiwa, hata kama Inga ingejaa maji mpaka ukingoni. Sasa mna sentensi moja ambayo waziri hawezi kuijibu kwa kusema "ukame".

Maonyo mawili. Msiguse, msifungue, msipande chochote. Watu wamekufa kwa kutafuta picha nzuri. Na kama kuna mlinzi au askari karibu na kabini, ombeni ruhusa kwanza au mtumeni shefu wa kartie. Picha ya mtambo wa umeme inaweza kueleweka vibaya, na mtapoteza siku nzima mkijieleza.

Jambo la tatu ni la aibu kidogo. Kama mtaa umejaa waya za wizi, semeni wenyewe ndani ya barua, na idadi ya kukadiria. Msipoliandika ninyi, litakuwa jibu zima la upande wa pili.

Mmefaulu ikiwa mtu asiyekaa mtaani kwenu anaweza kusoma daftari na kutaja jumla ya saa za giza bila kuuliza mtu.

## Hatua ya 3: Chagueni mlango sahihi

Hapa ndipo barua nyingi zinapofia.

Mbunge wa taifa ni mmoja wa 500 wanaoketi Kinshasa. Kwa kifungu cha 100 cha Katiba, Bunge linatunga sheria na linadhibiti serikali, mashirika ya umma na huduma za umma. Umuhimu wa neno "mashirika ya umma" ni huu: udhibiti hauishii kwa waziri, unafika mpaka kwa shirika la taifa la umeme, SNEL, ambalo kabla ya sheria ya 2014 ndilo lilikuwa na soko karibu lote. Mambo ya kutoza bila mita, ya haki za mteja, ya nani anaruhusiwa kuzalisha na kuuza umeme, ya bajeti ya serikali kuu: mlango ni huu.

Seneta ana haki ya kuuliza na kupendekeza sheria kama mbunge, naye anatoka mkoani. Watu humsahau. Msimsahau, hasa kama wabunge wenu wamelala.

Mbunge wa mkoa anaketi hapahapa mjini, kwenye jengo la 30 Juni. Bunge la mkoa linatunga maagizo ya mkoa, linapiga kura ya bajeti ya mkoa na kumdhibiti gavana na mawaziri wake. Sheria ya 2014 imewapa wakuu wa mikoa sehemu yao katika miradi ya umeme isiyovuka mipaka ya mkoa. Tena kuna fedha: Kanuni ya Madini ya 2018 inagawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 mkoa, 15 kwa komini, sekta au shefri ambako mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Haut-Katanga si mkoa wa kulia umaskini. Swali kama "ni kiasi gani cha ile asilimia 25 kimeandikwa kwenye bajeti kwa ajili ya kabini na laini za mitaa ya pembeni?" ni swali la mbunge wa mkoa, wala halihitaji tiketi ya ndege.

Kitu ambacho wengi hawakijui: katika uchaguzi wa wabunge wa taifa, mji mzima wa Lubumbashi ni jimbo moja. Hakuna "mbunge wa Katuba" kisheria. Wote wa mji ni wenu, kwa hiyo msing'ang'anie yule tu aliyezaliwa avenyu ya pili. Tafuteni nani ameketi kwenye kamati inayohusika. Kamati ya uchumi, fedha na udhibiti wa bajeti, ile inayoitwa Ekofini, inafaa kwa mambo ya pesa. Mbunge mdogo aliye ndani ya kamati anazidi mkubwa aliye nje yake.

Pia Katiba inasema mbunge wa taifa anawakilisha taifa zima, na maagizo ya kumfunga hayana nguvu. Hamwezi kumwamuru. Mnaweza kumrahisishia kazi mpaka kukataa kuwe kugumu kuliko kukubali.

Mmefaulu mkiwa na majina mawili ya taifa, moja la seneti na mawili ya mkoa, na mbele ya kila jina sababu moja isiyo ya kabila wala chama.

## Hatua ya 4: Fuateni kalenda yao

Bunge la taifa lina vikao viwili vya kawaida: tarehe 15 Machi hadi 15 Juni, na 15 Septemba hadi 15 Desemba. Kikao cha Septemba ndicho cha bajeti. Serikali inatakiwa kuweka mswada wa fedha mezani kabla tarehe hiyo ya 15 haijapita. Mabunge ya mikoa hufungua vikao vyao nyuma kidogo, mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Septemba.

Kati ya vikao hivyo wabunge wako likizo, na likizo ya mbunge ina kazi ndani yake: kurudi kwa waliomchagua na kuandika ripoti ya aliyoyaona. Wengine huiandika hotelini. Hiyo ni nafasi yenu. Mbunge anayetakiwa kurudi Kinshasa na ripoti anahitaji kurasa, nanyi mna kurasa zenye tarakimu.

Kwa hiyo pangeni kurudi nyuma. Mkitaka kuigusa bajeti, barua imfikie mwezi wa saba au wa nane, akiwa hapa. Daftari basi lianze mwezi wa tano au wa sita. Mkitaka swali la kawaida lisilo la fedha, barua ya Januari au Februari inatosha kwa kikao cha Machi. Barua inayofika tarehe 10 Desemba inakuta watu wanafunga mizigo.

## Hatua ya 5: Andikeni karatasi mbili, si moja

Karatasi ya kwanza ni ombi la pamoja, yaani petisyo. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kuandikia mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka hiyo inatakiwa kujibu ndani ya miezi mitatu. Kifungu hichohicho kinakataza mtu yeyote kushtakiwa kwa sababu ya hatua hiyo. Wasomeeni watu maneno hayo kwenye kikao kabla ya kutia sahihi. Utaona mikono iliyokuwa mifukoni inatoka. Ombi hili liandikwe kwa Spika wa Bunge, si kwa mbunge mmoja. Sababu: mbunge mmoja anaweza kubisha kwamba yeye si mamlaka ya kujibu. Ofisi ya Spika haiwezi.

Kwenye orodha ya sahihi wekeni jina, avenyu na namba ya nyumba tu. Namba za simu abaki nazo katibu. Karatasi husafiri, na hamjui itaishia mikononi mwa nani.

Karatasi ya pili ni barua kwa mbunge, ukurasa mmoja. Aya ya kwanza: ninyi ni nani, kabini ipi, nyumba ngapi. Aya ya pili: tarakimu tatu kutoka kwenye daftari, si kumi. Aya ya tatu: haki, yaani kifungu cha 48 kinachodhamini upatikanaji wa maji safi na umeme. Aya ya nne: mnachomwomba, kwa kitenzi kimoja. "Tunakuomba uwasilishe swali la maandishi lifuatalo."

Kisha muandikie swali lenyewe. Ndiyo, mwandikieni. Mfano wake kwa Kiswahili, kabla mwalimu hajalitafsiri:

"Mheshimiwa Waziri, kabini inayohudumia mtaa fulani wa komini fulani ina transfoma ya 400 kVA kwa nyumba 900. Kati ya tarehe fulani na tarehe fulani, wakazi walikaa bila umeme saa kadhaa kati ya saa 720. (1) Ni vigezo gani vilivyoandikwa vinavyoamua mtaa upi ukatwe kwanza umeme unapopungua, na viko wapi wananchi wavisome? (2) Ni mradi gani na fungu gani la bajeti ya mwaka huu linahusu kuongeza uwezo wa kabini za mji wa Lubumbashi, na ni kiasi gani kimekwisha kutolewa hadi leo? (3) Wakazi wanapochangia kununua transfoma, mali hiyo inaandikwa kwa jina la nani, na mchango wao unarudishwaje?"

Angalieni jinsi maswali hayo yalivyojengwa. Hakuna hata moja linaloweza kujibiwa kwa "ndiyo, tunashughulikia". Kila moja linadai karatasi, tarakimu au jina la anayehusika. Swali la "lini tutapata umeme?" linajibiwa kwa neno "hivi karibuni", na neno hilo tumelila miaka mingi bila kushiba.

Mmefaulu ikiwa mtoto wa darasa la sita anaweza kusema mnataka nini baada ya kusoma mara moja.

## Hatua ya 6: Pelekeni mkono kwa mkono na mrudi na akize

Chapa nakala tano. Moja inabaki kwenu, na juu yake ndipo mhuri wa mapokezi, tarehe na sahihi ya aliyepokea vinapowekwa. Akize hiyo, yaani uthibitisho wa kupokelewa, ndiyo saa ya miezi mitatu. Bila akize hamkuandika kitu.

Peleka nakala kwa katibu wa mbunge mjini, nyingine ofisi ya Bunge la mkoa kwa taarifa, nyingine kwa bugumestri wa komini. Ile ya Spika wa Kinshasa mpeni mtu anayesafiri kwa ndege, na aapishwe kwa jina la mama yake kwamba atarudi na mhuri. Barua yetu moja iliachwa kwa mlinzi wa mlango kwa sababu mjumbe wetu aliogopa kusubiri. Haikuonekana tena, na kosa lilikuwa letu.

Msitume picha kwa simu mkadhani mmepeleka. Tumeni baadaye, kama kikumbusho.

## Hatua ya 7: Kukutana naye uso kwa uso

Nendeni watatu: mzee mmoja, mama mmoja, kijana mmoja mwenye daftari. Msivae fulana ya chama chochote, hata chake.

Mzee aanze, kama ilivyo desturi. Akimaliza salamu, mama aseme la jikoni: makala ya gunia imekula kiasi gani mwezi huu kwa sababu resho imelala. Kijana aweke daftari mezani na kunyamaza. Mazungumzo yatafika hapa:

"Mama, nitaongea na mkubwa wa umeme, ataleta kitu."

"Aksanti, Mheshimiwa. Hiyo tutashukuru. Lakini sisi tulikuja kuomba swali. Liko hapa, limeandikwa, linangoja sahihi yako tu."

Msikubali kuhamishwa kutoka hapo. Atatoa makuta ya usafiri, na kukataa makuta ya mkubwa kwetu ni kama tusi. Basi mzee aseme kwa upole kwamba mtaa umekwisha kuchanga nauli. Atawaomba mngoje mpaka uchaguzi. Mwulizeni tarehe ya kikao kijacho, muiandike mbele yake.

Mmefaulu ikiwa mmetoka na moja ya vitu hivi: sahihi, tarehe, au jina la msaidizi wake atakayelifuata. Maneno "nimewasikia" msiyahesabu.

## Hatua ya 8: Fuateni swali mpaka kwenye sheria

Kifungu cha 138 kinataja zana za wabunge: swali la mdomo au la maandishi, swali la tukio la wakati huo, interpelasyo (kumwita waziri ajieleze mbele ya Bunge), tume ya uchunguzi, na kuwaita wahusika wasikilizwe mbele ya kamati. Anzeni na la maandishi kwa sababu ni la bei rahisi: halihitaji nafasi kwenye ratiba ya kikao, wala halimtishi waziri kuwa kiti chake kinatikiswa. Jibu likiwa tupu, rudini kwa mbunge mumwombe apande ngazi: swali la mdomo lenye mjadala, ambalo wenzake wanalisikia na redio zinalichukua. Interpelasyo ni silaha nzito. Mtaa mmoja hautaipata. Mitaa ishirini yenye madaftari ishirini, hilo ni jambo jingine.

Jibu likija na tarakimu, hapo sasa mnaingia kwenye sera yenyewe. Mna njia mbili.

Ya kwanza ni bajeti. Mbunge anaweza kupendekeza kuhamisha fedha, ila Katiba inamzuia kuongeza mzigo wa serikali bila kuonyesha fedha zitatoka wapi. Mapendekezo mengi mazuri yanafia hapo. Basi msimpe ombi la "ongeza fedha za kabini". Someni mswada wa bajeti pamoja naye, onyesheni fungu la kukatwa na fungu la kujazwa, kiasi kilekile. Kazi hii inachosha, na ndiyo sababu anayeifanya husikilizwa.

Ya pili ni sheria. Kila mbunge na kila seneta ana haki ya kuleta pendekezo la sheria. Serikali hupewa siku 15 kutoa maoni yake. Zikipita, Bunge linaendelea. Sheria ya 2014 ilifungua soko kwa wazalishaji na wauzaji wengine, na amri za 2016 zikaunda ARE, mamlaka ya kusimamia sekta, na ANSER, wakala wa umeme wa vijijini na pembezoni mwa miji. Kwa hiyo kabla ya kudai sheria mpya, angalieni kama mnachotaka tayari kimeandikwa na hakitekelezwi. Mara nyingi ndivyo. Mtaa wa pembezoni unaweza kuwa ndani ya eneo la ANSER bila mtu yeyote mtaani kulijua jina hilo. Katika hali hiyo swali la mbunge ni fupi kabisa: kwa nini kifungu hiki hakijatekelezwa hapa?

Suala la transfoma za michango ndilo ninaloona linastahili maandishi mapya ya sheria. Hiyo ni rai yangu, na nimebishana nayo na fundi mmoja mzee wa Kamalondo anayesema sheria ikiingia hapo, hata yale makabini ya kuchangia hatutayapata.

## Kama miezi mitatu imepita kimya

Hesabuni kuanzia tarehe ya mhuri. Siku inayofuata, andikeni barua ya pili ya mistari sita: tarehe ya akize, kifungu cha 27, kichwa cha ombi, na tarehe ya kikao kijacho. Bandikeni fotokopi ya akize juu, si nyuma. Nakala zipelekeni kwa wabunge wengine wawili wa mji mliowaandika kwenye hatua ya 3, mkiwaambia wazi kwamba mwenzao amekwisha kupewa swali hili na bado halijaulizwa.

Daftari msilifunge. Siku ya 31 endeleeni kuandika, hata kama ni mlinzi mmoja tu aliyebaki, kwa sababu jibu la kwanza la ofisi huwa "hali imebadilika tangu wakati ule", na mtu wa kusema haijabadilika lazima awe na ukurasa wa jana usiku.